Mshipa Uliotoka Mguuni Mwangu

Zuhura mwanangu,

Shikamoo yako niliipokea asubuhi na marahaba nikakupa, kwa hiyo sina haja ya kuanza na salamu ndefu. Niko barazani hapa kwetu Tandika, jua ndiyo linazama, na wewe uko ndani. Nakusikia ukibishana na mama yako juu ya mizigo. Yeye anataka ubebe samaki wa kukaanga na kopo la achari; wewe unamwambia huko uendako ndiko achari ilikotoka. Mshindi namjua. Utaibeba.

Mambo ya chakula, ya nguo nzito, ya kutotoka peke yako jioni, namwachia yeye. Mie nina habari moja tu, ya mguu wangu. Unaijua, maana uliuosha kwa mikono yako. Lakini unaijua kutoka upande wa mwenye kuosha. Kabla hujaondoka kesho nataka uisikie kutoka upande wa mwenye mguu.

Nilikuwa naendesha winchi bandarini tangu hujazaliwa. Miaka ile biashara ilipofunguliwa, kila kitu kikawa kinaingia kwa meli: magari yaliyotumika, marobota ya mitumba, majokofu, televisheni. Meli zinapanga foleni nje, sisi tunashusha bila kupumzika. Kifua kilianza kunibana nikiwa katikati ya kazi hizo. Nikatafuna tangawizi, nikawaambia wenzangu ni gesi. Mama yako nikamwambia ni uchovu. Wewe sikukwambia kitu, kwa sababu ulikuwa umeanza chuo cha uuguzi na mie nilikuwa bado nimekununia.

Habari ya kununa hiyo unaikumbuka, lakini ngoja niiseme na mie. Ulipomaliza kidato cha nne nilikwenda kuongea na rafiki yangu mmoja aliyefungua ofisi ya kutolea mizigo bandarini. Akakubali kukuchukua. Siku zile kila mwenye akili alikuwa anakimbilia biashara, na mie niliona nimekufungulia mlango wa dhahabu. Ukanisikiliza mpaka mwisho, ukiwa umekaa hapa hapa barazani, kisha ukasema, "Baba, nashukuru. Lakini mie nataka uuguzi."

Nikakuuliza, "Yaani uache ofisi yenye feni, ukaoshe vidonda vya watu?"

Ukajibu, "Si lazima awepo wa kuviosha, baba?"

Nilikasirika kwa sababu sikuwa na jibu. Mwanangu, mtu mzima akikosa jibu mbele ya mtoto wake hupenda kupandisha sauti, na mie nilipandisha. Asubuhi uliamka ukaenda kuchukua fomu za chuo, na chai yangu ulikuwa umeshaniwekea mezani.

Basi, siku ya kifua. Nilikuwa nimeinua gari dogo kutoka kwenye meli, linaning'inia, na chini yake kuna vijana wa makuli. Kifua kikabana kama mtu amenikalia. Mkono wa kushoto ukaingia ganzi. Nikawa naona vichwa vya wale vijana na sioni kingine. Nilishusha lile gari polepole mpaka magurudumu yakagusa sakafu, na hapo nguvu zikaniishia. Kushuka kutoka kibandani juu ya winchi nilishindwa. Wenzangu walipanda, wakanifunga kamba kifuani na mapajani, wakaniteremsha kama mzigo mwingine wowote.

Mtaa mzima ulinisifu. "Mzee Athumani ameokoa watu." Nilizifurahia sifa hizo kitandani hospitalini, nikiwa na bomba la hewa puani. Ilinichukua muda kuona kwamba wale vijana niliwaokoa na hatari niliyoileta mwenyewe. Nilijua kifua kinaniuma, na asubuhi ile ile nikapanda juu.

Madaktari wakasema mishipa inayoulisha moyo imeziba, na tiba yake haipo nchini. Ofisi ikasaidia, ndugu wakachanga, nikapelekwa Bara Hindi. Daktari mpasuaji wa kule alinichorea picha kwenye karatasi. Akachora moyo, akachora mshipa ulioziba, halafu akachora mshipa mwingine unaopita pembeni yake, kama gari linavyochepuka barabara ikifungwa. Nikamuuliza kwa Kiingereza changu cha bandarini, huo mshipa mpya mnanunua wapi? Akacheka, akanigonga mguu. "Huu hapa," akasema. "Unao mwenyewe."

Sikufikiri zaidi. Mtu anayeambiwa atapasuliwa kifua hana nafasi ya kuuogopea mguu.

Nilipozinduka, kifua kiliniuma kama nilivyotegemea. Ila mguu! Nilifunua shuka nikaona mshono unaanza karibu na kifundo, unapanda shavu la mguu, unapita goti, unaingia pajani mpaka kwenye kinena. Nikadhani kuna kosa. Kitanda cha pili alilala mzee mmoja Mhindi, mzaliwa wa Tanga, alihama zamani lakini Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha wengi wa hapa mtaani. Naye alikuwa amepasuliwa moyo, siku moja na mie. Akauangalia mguu wangu akasema, "Pole ndugu yangu. Wewe wamekuchana kama papa wa kukausha."

Kisha akanionyesha wake. Ulikuwa na vidonda vidogo viwili vitatu, kila kimoja kama cha mtu aliyejikata na kisu jikoni. Mshipa wake ulitolewa kwa kamera nyembamba iliyopitishwa chini ya ngozi. Yule mzee alikuwa anakwenda msalani mwenyewe wakati mie bado nainuliwa na watu wawili. Nilimwonea wivu, Zuhura. Nililala na wivu huo kila siku mpaka wakaniruhusu kurudi.

Nikarudi nyumbani, na mvua za Elninyo zikarudi na mie. Unakumbuka Temeke ilivyokuwa. Maji uani, maji jikoni, vyoo vimejaa, mbu, godoro halikauki. Kifua kikapona vizuri, mshono umefunga, hata dua ya shukrani tukasoma. Mguu ukaanza kuwa mwekundu karibu na goti. Halafu ukatoa maji. Halafu ukatoa kitu kingine.

Mama yako alikuwa ananifunga kitambaa, nami nikamwapisha asikwambie. Ulikuwa unakaa bwenini chuoni, unakuja mwisho wa wiki, nami ukija nilikuwa najifunika shuka mpaka tumboni, naitikia shikamoo yako kwa mbali. Nilijiambia naficha kwa sababu ya heshima. Baba mtu mzima atamwonyeshaje binti yake paja? Sababu hiyo ilikuwa ya kweli, ila haikuwa peke yake. Niliona haya kwamba binti niliyemcheka kwa kuosha vidonda, sasa kidonda kiko nyumbani kwake. Na kulikuwa na jingine dogo, la kijinga: daktari alinikataza sukari, na chini ya mto wangu kulikuwa na halua. Jirani alikuwa akiniletea, nami nikaila kila jioni kama mtoto.

Jumamosi moja ulisimama mlangoni hata kiatu hujavua. Ukanusa. Nilikuona ukinusa.

"Baba," ukasema, "nionyeshe mguu."

"Mguu una nini? Mguu uko salama."

"Nimeisikia harufu kutoka uani. Nionyeshe."

"Zuhura, mie baba yako."

Ukaja ukapiga magoti kando ya kitanda. Hukupaza sauti. Ukasema, "Najua wewe ni baba yangu, ndiyo maana nimepiga magoti. Ungekuwa mgonjwa wa wodini ningekuwa nimeshaifunua hiyo shuka. Baba, ukinificha mie leo, kesho utamwonyesha mtu mwenye msumeno."

Nikaitazama dari. Nikasema, "Funua."

Nilichokiona usoni mwako sijamwambia mtu. Nilitegemea kinyaa, au hasira, au machozi. Sikuona chochote kati ya hivyo. Uliuangalia mguu kama mie nilivyokuwa nikiangalia mzigo uliokaa vibaya kwenye kamba: umekaa vipi, utaanguka upande gani, tuanze kuushika wapi. Nikajua, pale pale, nikiwa nimelala na homa na aibu, kwamba mtoto huyu ni fundi. Sikuwa nimekufundisha mimi. Lakini nililitambua jicho lile.

Gari halikuweza kufika, barabara imekuwa mto. Ukaenda kuazima mkokoteni wa muuza maji, ukatandika godoro, ukanifunika nailoni. Wewe ulisukuma pamoja na mwenye mkokoteni, maji yakiwa magotini, mama yako anatangulia na fimbo kupima mashimo. Watu walisimama vibarazani wanatuangalia. Mie nilijifunika uso. Ningerudishiwa siku ile nisingejifunika. Ningekaa wima juu ya ule mkokoteni nikawaambia, mnamwona huyu anayesukuma? Wangu huyu.

Hospitali walifungua mshono kuanzia gotini kwenda juu, wakatoa uchafu, na daktari akasema kidonda kiachwe wazi kipone kutoka ndani kuja nje. Akasema pia, bila kuficha, kwamba tungechelewa kidogo mguu usingebaki. Ukaomba ruhusa chuoni, ukawa unanisafisha asubuhi na jioni. Maji ya chumvi, vitambaa vya gozi, bandeji. Halua uliikuta siku ya kwanza ulipotandua kitanda. Uliiinua, ukaniangalia, ukaenda kumgawia mtoto wa jirani, na hukusema neno. Afadhali ungenigombeza.

Nikwambie nilichokuwa najifunza wakati huo, maana sidhani ulijua nafunzwa. Maisha yangu yote niliamini kuvumilia ni kunyamaza. Ndivyo tulivyolelewa, na bandarini ndivyo mwanamume anavyopimwa. Wewe ulikuwa unaniuliza kila unapogusa, "Hapa panauma? Na hapa?" Mwanzoni najibu hapana, hapana. Siku moja ukaacha mikono ukasema, "Baba, ukisema hapana wakati panauma, mie nitakuwa nafanya kazi gizani." Kuanzia hapo nikaanza kusema. Panauma hapa, hapa pana ganzi, hapa pamepoa. Nilikuwa na miaka zaidi ya hamsini na ndiyo kwanza najifunza kuutaja mwili wangu. Ukienda huko utakutana na wazee kama mie, wenye lugha nyingine na ukaidi ule ule. Waulize mara mbili.

Mwaka uliofuata walinitaka nirudi Bara Hindi kuangaliwa, na safari hii tulikwenda pamoja. Yule daktari mpasuaji alinisikiliza moyo, akaridhika. Alipouona mguu akashika lile kovu pana la gotini. Akauliza, "Nani aliyeuguza hapa?" Nikakuonyesha wewe. Akakupa mkono.

Nikadhani yameisha, tutaaga tuondoke. Wewe ukamuuliza kwa Kiingereza, kwa adabu lakini bila kuangalia chini, kwa nini baba alichanwa mguu mzima wakati mgonjwa wa kitanda cha pili alitolewa mshipa kwa vitundu. Nilitaka kukukanyaga mguu chini ya meza. Yule ni mtu aliyeushika moyo wangu mkononi!

Daktari hakuchukia. Alivuta kiti akakaa. Akasema kifaa wanacho kimoja, na waliosomea kukitumia ni wachache. Siku yangu walikuwa kwa yule mzee. Akasema pia kwamba njia ile si rahisi kama inavyoonekana kwa nje. Mshipa ukivutwa vibaya au ukiungua, unaweza kuziba baadaye, na moyo ndio utakaoteseka. "Kovu dogo lenye mshipa mbovu si faida kwa mgonjwa," akasema.

Ukauliza, "Wanaosomeshwa ni madaktari tu?"

"Hapana. Wengi ni wasaidizi wa upasuaji. Hata wauguzi, wakiwa na mikono na subira."

"Naweza kuangalia?"

Ukaingia kesho yake. Mie nikakusubiri nje kwenye benchi mpaka adhuhuri ikapita. Ulipotoka ulikuwa na alama za barakoa usoni, na ukaanza kusema kabla hujakaa. "Baba, wanachana padogo tu karibu na goti. Wanapuliza hewa ngozi inyanyuke, halafu kamera inaingia na taa yake, na kwenye televisheni unauona mshipa umelala mbele kama njia ndani ya handaki. Vitawi vyake wanavichoma kimoja kimoja visivuje. Taratibu, baba! Taratibu mno!" Mikono yako ilikuwa inaonyesha hewani. Wapita njia wanatuangalia, na safari hii sikuficha uso.

Tuliporudi, ukahangaika na maombi ya kwenda kuisomea kazi ile. Ulikataliwa mara ya kwanza, ukaandika tena. Ulikuwa umeshaajiriwa chumba cha upasuaji, unasimama kutwa, jioni unasoma hapo mezani. Nilipenda kukuona na sikusema. Jibu la kukubaliwa lilipokuja, baba yako mkubwa Salum akaja na lake. Unajua alikuja, ila ulikuwa kazini, hukusikia tulichoongea.

Aliniambia ana mchumba wako, kijana wa heshima, ana duka Kariakoo. Nikamwambia aje, akutane nawe, uamuzi ni wako, na awe mtu wa kusubiri. Akakunja uso. "Athumani, msichana aende Bara Hindi peke yake, akasome kuchuna miguu ya wanaume?"

Nikamwambia, "Kaka, mguu wa kwanza ulikuwa wangu."

Alikunywa kahawa yake, akasimama, na alipofika pale kwenye ngazi akageuka akaniuliza, "Akirudi, ataweza kuniangalia na mie? Huku kifuani kuna kitu kinanibana nikipanda mlima." Nimeshampeleka hospitali. Ameanza dawa. Ndiyo maana Ijumaa iliyopita alikuletea lile koti, akakwambia ni zawadi tu.

Leo mchana nimesikia jambo la mwisho la kukuandikia. Mlikuwa uani, wewe na mama yako, mnachambua mchele. Akakuuliza ni kitu gani hasa unakwenda kufanya, nawe ukamweleza vizuri kabisa. Akauliza swali ambalo mie sikuwahi kuthubutu. "Na ukikosea, mwanangu?"

Ukasema, "Nikiona mshipa unaniponyoka, nasema hapo hapo mbele ya wote kwamba nimeshindwa, na tunachana mguu kama alivyochanwa baba. Mgonjwa hawezi kuharibikiwa kwa sababu mie naona haya."

Niliyasikia hayo nikiwa nyuma ya dirisha, nimeshika kikombe. Mie nilipanda winchi na kifua kibovu kwa sababu ya haya. Nilificha kidonda mpaka kikanuka kwa sababu ya haya. Nimefika umri huu nikiwa mtumwa wake. Wewe umeshaachana nayo kabla hata hujapanda ndege. Sina nasaha ya kumpa mtu wa namna hiyo. Nina fahari tu, na imenijaa mpaka naogopa kifua hiki kilichoshonwa kitafumuka.

Kuna siku mtu atalala mbele yako amefumba macho, hajui jina lako. Utamtoa mshipa kupitia kitundu, utaukabidhi, utaziba, utaondoka. Akizinduka atalalamikia kifua, ataomba maji, atawaulizia wanawe. Mguu hataukumbuka. Atashuka kitandani aende msalani, na dua zake zote atawaombea waliougusa moyo. Wewe hatakushukuru, maana hatajua kuna kitu ulimwepushia.

Mie najua. Nimetembea na mguu huu miaka sasa, na wewe umeniandalia chai, umenisukuma kwenye maji, umenifungia bandeji asubuhi na jioni, na nikitafuta kumbukumbu ya siku niliyokwambia neno lenyewe, siipati. Basi lichukue leo, kwa ajili yangu na kwa ajili ya hao wote watakaosahau.

Ahsante, mwanangu.

Baba yako,
Athumani